Misuli Inaposhambuliwa na Kinga ya Mwili

Katika wilaya za Handeni na Korogwe kazi nyingi za kila siku hufanywa kwa nguvu za mabega na mapaja. Mkulima huinua jembe, mwanamke hujitwisha ndoo ya maji, mkata mkonge hubeba mzigo wa majani hadi kando ya barabara ya shamba, na kila mtu hana budi kuchutama na kuinuka tena. Kwa sababu hiyo udhaifu wa misuli hujidhihirisha mapema mahali kama hapa, hata kabla mgonjwa hajafika zahanati. Kwanza husema kwamba ndoo imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa. Baada ya majuma machache husema hawezi kumsuka mwanawe, kwani mikono haikai juu. Kisha hushindwa kuinuka chooni asiposhika ukuta, na alfajiri hushindwa kuinua kichwa kitandani.

Malalamiko hayo, yakifuatana kwa utaratibu huo, hueleza karibu ugonjwa wote. Bahati mbaya ni kwamba aghalabu hupewa jina la baridi yabisi, na jina hilo likishatolewa uchunguzi hukoma. Mgonjwa hununua vidonge vya kutuliza maumivu, huchomwa sindano za vitamini, hukandwa kwa maji ya moto, na miezi hupita. Ama baridi yabisi ni ugonjwa wa viungo. Anayeumwa viungo hashindwi kuinuka kwa kukosa nguvu, bali kwa maumivu. Anayeumwa misuli hushindwa kuinuka hata kama hana maumivu popote. Hata homa ya chikungunya, ambayo ilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanzania, mwaka 1952, humwinamisha mtu kwa maumivu ya viungo na si kwa kulegea kwa misuli. Tofauti baina ya "inaniuma" na "sina nguvu" yapasa kuulizwa waziwazi, maana mgonjwa mwenye adabu akiulizwa anaumwa wapi hutafuta mahali pa kuonyesha.

Ugonjwa unaoelezwa hapa ni wa misuli kuvimba kwa ndani na kuharibika kwa sababu ya kushambuliwa na kinga ya mwili yenyewe. Kazi ya kinga ni kuvitambua vijidudu kuwa ni wageni na kuviangamiza, na kuziacha chembe hai za mwili zikae salama. Katika ugonjwa huu utambuzi huo huvurugika. Madaktari wa Kijerumani ndio waliouandika mapema: Ernst Wagner mwaka 1863, kisha Heinrich Unverricht mwaka 1887. Ukiwa katika misuli peke yake huitwa polimiositisi. Ukiambatana na upele wa ngozi huitwa dematomiositisi. Majina hayo mawili yametumika kwa zaidi ya miaka mia moja, ingawa siku hizi wataalamu wamegundua kwamba chini yake yamo magonjwa kadhaa yaliyo tofauti, na kwamba polimiositisi halisi ni nadra kuliko ilivyodhaniwa.

Tofauti hiyo si ya majina tu. Katika polimiositisi chembe nyeupe za damu huingia zenyewe ndani ya nyuzi za msuli na kuziua. Katika dematomiositisi mishipa midogo mno inayoulisha msuli huharibiwa, nyuzi zilizo pembezoni mwa kila fungu husinyaa, na ngozi, ambayo mishipa yake nayo imeguswa, hupata upele. Upo pia mwoza wa misuli ambamo nyuzi hufa zikiwa zimezungukwa na chembe nyeupe chache tu. Huo waweza kuanza baada ya kutumia statini, yaani dawa za kupunguza mafuta ya damu, na ukaendelea hata dawa zikiachwa.

Katika nchi zilizofanya hesabu, wagonjwa wapya kwa kawaida hawazidi 20 kwa mwaka katika kila watu milioni moja. Maana yake ni kwamba mganga wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona mgonjwa hata mmoja, na siku akimwona atakuwa amechoka kwa foleni ya wagonjwa wa malaria. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakina budi kuwa rahisi, na kwa bahati njema kipo. Mgonjwa huketishwa juu ya kiti au kigoda, hufumbata mikono kifuani, na huambiwa ainuke. Mwenye afya huinuka. Mwenye ugonjwa huu hujisukuma mbele, hujaribu tena, kisha huweka mikono magotini. Baadaye hulazwa chali na kuambiwa ainue kichwa, halafu anyooshe mikono mbele na kuishikilia hapo. Misuli iliyo karibu na kiwiliwili ndiyo iliyodhoofu, pande zote mbili sawasawa, ilhali vidole bado vina nguvu ya kufunga kifungo na kushika kalamu. Hisia za ngozi ni kamili, jambo linaloonyesha kwamba mishipa ya fahamu haikuguswa. Kope hazilegei, na hilo huutenga na ugonjwa mwingine wa kinga unaozidi kadiri siku inavyokwenda. Kigoda hicho cha mti kina thamani kubwa kuliko vipimo vingi vya damu vinavyoagizwa bila swali.

Ngozi yahitaji jicho la mwenyeji. Vitabu vya Ulaya vimeandika kwamba kope za juu hupata rangi ya ua liitwalo heliotropi, ua ambalo mkulima wa Handeni hajapata kuliona, na ambalo hata hivyo halisaidii juu ya ngozi nyeusi. Mtu mweusi hupata weusi uliozidi, au rangi kama ya tunda la zambarau lililoiva, juu ya kope zilizovimba. Watu hudhani ni ugonjwa wa figo, au ni madhara ya krimu za kujichubua. Juu ya vifundo vya vidole hutokea vipele bapa, vigumu kidogo, ambavyo huacha mabaka meupe au meusi. Kifua cha juu, shingo na mabega, yaani sehemu zinazopigwa na jua, nazo huparara na kuwasha. Mashinani mwa kucha huonekana vijishipa vyekundu vilivyopanuka. Mjini Moshi kimekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kituo cha Kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho wahitimu wake wametawanyika katika wilaya nyingi. Mganga wa namna hiyo akiitwa kutazama upele asisahau kumwomba mgonjwa ainuke kitini.

Msuli unapokufa humwaga damuni vitu vilivyokuwa ndani yake. Kimoja ni kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi. Katika watu wengi kiasi chake hakizidi sana vizio 200 kwa lita ya damu; katika ugonjwa huu chaweza kufika elfu kadhaa. Lakini hapa pana mitego. Watu weusi kwa kawaida wana kiasi kikubwa zaidi kuliko Wazungu ambao viwango vya vitabuni vilipimwa kwao, na mtu aliyeshinda akikata mkonge au kulima huwa nacho kingi zaidi kesho yake, bila ugonjwa wowote. Hata sindano iliyochomwa takoni jana yaweza kukipandisha. Kwa hiyo ongezeko dogo halina maana kubwa, bali la mara kumi lina maana. Mtego mwingine ni mbaya zaidi. Mahali ambapo kreatini kinasi haipimwi, aghalabu hupimwa vimeng'enya vinavyojulikana kuwa ni vya ini, na hivyo navyo vimo katika misuli. Mgonjwa asiye na nguvu, ambaye majibu yake yamerudi juu, huambiwa ini lake ni bovu, naye huanza safari nyingine isiyo yake.

Kabla ya kuilaumu kinga ya mwili yafaa kuwaondoa washukiwa wengine. Virusi vya UKIMWI vyaweza vyenyewe kuleta uvimbe wa misuli, na zidovudini, dawa iliyotumika sana kupambana navyo, nayo huweza kuidhoofisha. Kuhara kwa muda mrefu hupunguza madini ya potasiamu, na mtu akalegea mwili mzima kwa siku chache. Tezi ya shingo iliyopungukiwa na kazi hufanya hivyo polepole. Mvulana mdogo anayejikwea kwa mikono juu ya mapaja yake ili asimame, na ambaye mjomba wake alikufa kijana kwa udhaifu kama huo, yaelekea ana ugonjwa wa kurithi. Aidha upo ugonjwa wa usaha katika misuli, unaojulikana sana katika nchi za joto: huo huja na homa, huuma, na hukaa mahali pamoja, mathalani paja moja, ambapo dawa yake ni kisu cha daktari na antibiotiki. Kumpa mgonjwa huyo dawa ya kupunguza kinga ni kumwua.

Uthibitisho hupatikana kwa kupima umeme wa misuli na kukata kipande kidogo cha msuli, kwa kawaida pajani au begani, kikatazamwe kwa hadubini. Mwaka 1975 Anthony Bohan na James Peter wa Marekani walitoa kanuni zilizokusanya mambo matano: udhaifu wenyewe, vimeng'enya, umeme wa misuli, kipande cha msuli, na upele. Kanuni hizo zilitawala kwa miongo minne, hadi zilipotolewa nyingine za kimataifa mwaka 2017. Siku hizi huongezwa kipimo cha kingamwili za namna ya pekee, ambazo humwambia daktari si jina la ugonjwa tu bali mwelekeo wake: zipo zinazoonya kwamba mapafu yatapata makovu, na nyingine kwamba huenda saratani imejificha. Kutoka Handeni mjini hadi Korogwe ni kilomita 65 hivi. Ila kipande cha msuli hakina budi kusafiri mbali zaidi, hadi hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi au Muhimbili. Kipande kilichohifadhiwa vibaya njiani hakisomeki, na mgonjwa atakatwa mara ya pili.

Si haki kumweka mgonjwa wa namna zote katika foleni moja ya kungojea. Anayepaliwa na chakula, au ambaye maji humrudi puani, misuli yake ya koo imeguswa na yuko katika hatari ya chakula kuingia mapafuni. Anayehema baada ya hatua chache huenda mapafu yake yenyewe yanashambuliwa. Hao hulazwa siku hiyo hiyo. Na mtu mzima mwenye dematomiositisi ana hatari ya saratani iliyo mara kadhaa zaidi ya jirani yake, hasa katika miaka michache ya mwanzo; kwa mwanamke wa Afrika ya Mashariki hilo lamaanisha kwamba matiti na mlango wa kizazi vichunguzwe, hata kama aliyemleta hospitali alikuja kwa sababu ya mabega.

Tiba ya kwanza ni prednisoloni, na hapa simulizi inarudi Korogwe kwa njia ambayo wengi hawaijui. Mnamo Septemba 1948, katika hospitali ya Mayo huko Marekani, Philip Hench alimchoma mgonjwa wa viungo homoni ya tezi zilizo juu ya figo, ile iliyokuja kuitwa kortisoni. Mgonjwa aliyekuwa hawezi kutembea alitembea baada ya siku chache. Hench na wenzake wawili, Kendall na Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Tatizo lilikuwa upatikanaji, kwani homoni hiyo ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe kwa hatua zaidi ya 30, na mahitaji ya dunia yasingetoshelezwa kwa machinjio yote. Ndipo wanakemia walipogeukia mimea.

Mwaka 1951 Callow, Cornforth na Spensley, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Uingereza, walitangaza kwamba mabaki ya mkonge yaweza kuwa chanzo cha hekojenini. Hiki ni kitu ambacho umbo lake la kikemia ni la jamii moja na kortisoni. Fadhila yake ilikuwa ndogo lakini ya maana: kortisoni haifanyi kazi bila atomu ya oksijeni kwenye kaboni ya 11, mahali pagumu kufikika, nayo hekojenini tayari ina oksijeni kwenye kaboni ya 12, mlango wa jirani. Mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche elfu moja iliyoagizwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na hiyo yalienea mashamba ya Tanga, na mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za nyuzi. Nyuzi hizo ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Yaliyobaki, maji ya kijani yenye kuwasha ngozi na makapi yake, yalitiririka kutoka kwenye mitambo ambayo wafanyakazi wa mashamba waliita korona miaka mingi kabla jina hilo halijapata sifa mbaya, yakaingia katika vijito vya Mto Pangani. Maji kama hayo yakikusanywa, yakaachwa yachache kwa siku kadhaa, na masimbi yake yakachemshwa pamoja na asidi, hutoa hekojenini. Na kampuni ya Glaxo ya Uingereza iliitumia kutengenezea kortisoni na baadaye dawa nyingine za jamii hiyo. John Cornforth mwenyewe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1975, kwa kazi nyingine.

Mkonge haukubaki peke yake. Mwaka 1952 wataalamu wa kampuni ya Upjohn walionyesha kwamba kuvu mmoja aweza kuiweka oksijeni kwenye kaboni ya 11 bila shida, hivyo kiazi kikuu cha Mexico, na baadaye soya, vikachukua sehemu kubwa ya soko. Prednisoloni, iliyo na nguvu kuliko kortisoni, ilikuja mwaka 1955. Wala haifai kudhani kwamba kidonge cha leo kimetoka shambani Magoma. Hata hivyo ni jambo la kusikitisha kwamba kwa miaka yote ile thamani iliyokuwa ndani ya maji hayo ilijulikana zaidi ng'ambo kuliko kandokando ya mifereji yalimopita.

Kipimo cha kuanzia ni miligramu moja kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 humeza vidonge 12 vya miligramu 5 kila asubuhi baada ya kula, na wingi huo humtisha yeye pamoja na mwuza dawa, ambaye amezoea kutoa viwili vitatu kwa pumu. Vidonge viwili vitatu ndilo kosa la kawaida: hupunguza vimeng'enya, huficha ugonjwa machoni mwa hadubini, wala haviuponyi. Kabla ya kuanza hutafutwa kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B, kisukari na shinikizo la damu. Wapo pia minyoo midogo mno, strongiloidi, ambao huingilia nyayo za mtu apitaye peku, na ambao waweza kukaa tumboni miaka mingi kimya kimya. Kinga ikishushwa huzaliana bila kizuizi, hutoboa utumbo, na mgonjwa hufa kwa bakteria walioingia damuni, huku watu wakisema amezidiwa na ugonjwa wa misuli. Dawa yao ni ivermektini, ile ile ambayo watu wa Tanga wameizoea katika kampeni za usubi na matende. Kuimeza kwanza ni gharama ndogo.

Dozi kubwa hudumishwa majuma manne hadi sita, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Hapa ndipo nauli na umaskini huingia katika elimu ya tiba. Mgonjwa aliyepata nafuu, akaishiwa vidonge wakati wa masika, hawezi kuacha ghafla, kwa kuwa tezi zake za juu ya figo zimelala na hazitengenezi homoni yake mwenyewe. Homa ndogo yaweza kumwangusha. Mkononi mwake apewe vya akiba, na katika daftari yake iandikwe kwa wino kwamba asiache. Ili prednisoloni ipunguzwe mapema huongezwa azathioprini au methotreksati. Hii ya pili humezwa mara moja kwa juma, pamoja na asidi foliki, wala haipewi mwanamke mjamzito. Amri ya "mara moja kwa juma" ielezwe kwa kutaja siku yenyewe, kwani walioimeza kila siku wamekufa. Upele husaidiwa na hidroksiklorokwini, kanga yenye kufunika shingo, na kuhamishia palizi alfajiri. Ipo pia tiba ya kingamwili zilizokusanywa katika damu ya wachangiaji, ambayo majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalithibitisha kwamba inafaa kwa dematomiositisi, ila bei yake haijafika kimo cha mkulima.

Zamani mgonjwa aliambiwa alale asiichoshe misuli. Uchunguzi wa miaka ya 1990 na baadaye ulionyesha kinyume chake: mazoezi ya kiasi, yanayoongezwa polepole, hurudisha nguvu bila kuuchochea ugonjwa. Kuinuka kigodani mara tano asubuhi na mara tano jioni hakuhitaji chombo chochote, na ni kazi ambayo jamaa waweza kuihesabu.

Mahesabu hayo hufaa hasa mwezi wa tatu au wa nne, pale ambapo mgonjwa aliyekuwa akiendelea vizuri huanza kudhoofu tena. Je, ni ugonjwa uliorudi, au ni prednisoloni, ambayo ikitumika muda mrefu yenyewe hula misuli ya mapaja? Jibu la kwanza lataka dawa iongezwe, la pili lataka ipunguzwe, na kukosea ni kumzidishia mgonjwa ulemavu. Ikiwa kreatini kinasi imepanda, na shingo nayo imelegea, yaelekea ugonjwa umerudi. Ikiwa kimeng'enya kiko chini, uso umejaa kwa unene wa dawa, na kichwa chaweza kuinuliwa vizuri ila mapaja ndiyo yaliyokataa, daktari huteremsha dozi, humwongezea mgonjwa mazoezi, na humpa tarehe ya kurudi baada ya mwezi, ambapo ataketishwa tena juu ya kigoda kile kile.